"Kule hakuna watu"
Pori la mbali na mapashwa ya Eklezya

Mnajua namna inavyokuwa siku ya kupanga safari za mwaka katika parokia. Ramani iko mezani. Padri mkubwa anagawa kapela. Zile za barabara kubwa zinapata tarehe zao upesi. Kisha kidole kinafika pembeni ya ramani, kule ambako majina ni machache na njia imechorwa kwa mstari wa kukatika-katika. Hapo mmoja wetu anasema: "Kule hakuna watu." Wengine wanaitikia, na ramani inakunjwa.

Neno hili si uongo wa makusudi. Maana yake ni kwamba watu wa kule ni wachache, njia ni mbaya, na siku nne zitapotea. Lakini kutoka "wachache" mpaka "hakuna" ni mwendo mrefu, nasi tunaukata kwa neno moja. Nataka kueleza hapa pori la mbali ni kitu gani machoni pa Eklezya, namna lilivyotunzwa tangu zamani, na mambo gani sheria za leo zinayaruhusu kwa faida ya Wakristu wanaokaa huko. Kati ya wasomaji wetu wamo mapadri wa kesho. Wamo pia waalimu wanaokaa huko sasa hivi, nao wanayajua mambo haya kwa miguu yao.

I. NENO LENYEWE

Kiswahili kinatofautisha vizuri nchi za namna hii. Pori ni nchi isiyolimwa, yenye miti na majani, makao ya nyama. Nyika ni nchi pana yenye maji kidogo na watu kidogo. Mbuga ni tambarare ya majani. Jangwa ni nchi kavu isiyozaa kitu. Tena kuna neno la tano, ukiwa. Mtu aliyebaki bila ndugu wala rafiki tunamwita mkiwa; na nchi iliyobaki vile vile tunasema ni ukiwa. Maneno manne ya kwanza yanasema habari ya udongo, maji na majani. Neno ukiwa linasema habari ya watu: kuna mmoja aliyeondoka, na kuna mwingine aliyeachwa.

Wanafunzi wa seminari watakumbuka kwamba Kigiriki cha Agano Jipya kinatumia neno eremos. Neno hilo liko karibu sana na ukiwa: ni mahali palipoachwa, pasipo watu. Kutoka hapo tumepata eremita, yaani mtawa akaaye peke yake. Kilatini kilisema desertum, kutoka kitenzi deserere, kuacha. Lakini Waebrania walikuwa na neno midbar. Midbar si lazima iwe mchanga mtupu. Ni nchi isiyolimwa ambako wachungaji wanapeleka mifugo kulisha. Musa alikuwa akichunga kondoo wa mkwe wake katika nchi ya namna hiyo alipoona kijiti kilichowaka bila kuteketea (Kut. 3, 1-2). Basi pahali pamoja tu pana majina mawili: kwa mtu wa mjini ni pahali palipoachwa, kwa mchungaji ni pahali pa kazi.

Kuna neno jingine la kutufundisha. Katika Kilatini, pagus ni wilaya ya mashamba, na paganus kwanza ni mtu wa huko. Baadaye Wakristu wa Kilatini walilitumia neno hili kwa mtu asiye Mkristu, na sisi tukasema mpagani. Wataalamu hawapatani juu ya sababu. Wengine wanasema ni kwa kuwa imani ilishika mijini kwanza, watu wa mashamba wakabaki nyuma. Wengine wanasema kwamba maaskari walimwita paganus mtu yeyote asiye askari, na kwa hiyo Wakristu wakamwita vile mtu asiyeingia katika jeshi la Kristu. Hata iwe namna gani, sisi tupokee onyo. Pahali ambapo Eklezya haifiki, jina la mtu wa mashamba linaweza kugeuka kuwa jina la mtu asiyemjua Kristu.

Na neno parokia? Hilo ni la Kigiriki, paroikia, yaani kukaa ugenini. Parokia, kwa asili ya jina lake, si nyumba ya matofali kando ya barabara. Ni watu wa Mungu walio wageni hapa duniani, popote wanapokaa.

II. PORI KATIKA MAANDIKO MATAKATIFU

Habari za Waisraeli jangwani kwa miaka 40, za Elia aliyelishwa na malaika, na za Yohane Mbatizaji, mnazijua, sitazirudia. Nataka tusimame kwenye mahali patatu tu katika Agano Jipya.

Mahali pa kwanza ni Marko 1, 35-38. Bwana Yezu ameondoka alfajiri, amekwenda mahali pa ukiwa kusali. Simoni na wenzake wanamfuata na kumwambia kwamba watu wote wanamtafuta. Kule Kafarnaumu kazi ilikuwa imeanza vizuri sana: wagonjwa walikuwa wengi, na mji mzima ulikuwa mlangoni. Sisi tungerudi mbio. Lakini Yezu anajibu kwamba yafaa kwenda kwenye vijiji vya jirani ili ahubiri na huko pia, maana ndiyo sababu ya kuja kwake. Tuone vema: mji wenye watu wengi ndio ulioachwa kwa kitambo, kwa ajili ya vijiji.

Mahali pa pili ni Marko 6, 35-37. Watu wamemfuata Yezu mpaka mahali pa ukiwa, na jua linashuka. Mitume wanatoa shauri: uwaage watu hawa, waende wenyewe mashambani na vijijini kujinunulia chakula. Ni shauri la akili, nasi tunalisikia mpaka leo: "Watu wale wahame, wajongee barabara, ndipo tutawahudumia." Yezu halikubali. Anawaambia Mitume wawape watu chakula wao wenyewe. Na Mitume wanashangaa, kwani wanajua kiasi cha mikate walichonacho.

Mahali pa tatu ni Matendo ya Mitume 8, 26-40, na hapa yafaa kukawia. Filipo, mmoja wa wale Saba, yuko Samaria. Kazi yake inastawi: makutano wanasikiliza, wengi wanabatizwa, mji una furaha kubwa. Wakati huo huo malaika anamwamuru kuondoka na kwenda kwenye njia inayoshuka kutoka Yeruzalemu mpaka Gaza. Na Luka anaongeza kwamba ni ya jangwa, eremos. Filipo haambiwi atamkuta nani. Anamkuta mtu mmoja garini, tena msafiri ambaye hataonekana tena. Mtu huyo ni Mwafrika, msimamizi wa hazina ya Kandake, malkia wa Waetiopia, yaani wa nchi ya Nili iliyo kusini ya Misri. Filipo anapanda karibu naye, anamfasiria nabii Isaya, na wanapofika penye maji anambatiza.

Ndugu wapenzi, tulihesabu jambo hili kama padri mkubwa mwenye ramani yake. Ameacha mji mzima, amekwenda njia ya ukiwa, amebatiza mtu mmoja. Kwa hesabu zetu ni hasara. Lakini huyu ndiye mtu wa kwanza wa Afrika ya weusi ambaye Maandiko yanatupa habari ya ubatizo wake. Kama Filipo angalisema "kule hakuna watu", angalisema kweli karibu kabisa: alikuwako mmoja tu.

III. DESTURI YA EKLEZYA YA ZAMANI

Katika karne za kwanza kila mji ulikuwa na Askofu wake, na Ekaristi ya siku ya Mungu ilikuwa kwake. Imani ilipoenea mashambani, swali letu lilizaliwa: nani atawatunza watu wa mbali? Eklezya ilijaribu njia tatu.

Njia ya kwanza ilikuwa kuweka korepiskopo, yaani Askofu wa mashamba. Tunawakuta hasa Siria na Asia Ndogo. Wengine walikaa pamoja na Maaskofu wenzao katika Konsilio ya Nisea mwaka wa 325. Mtakatifu Bazili, aliyekuwa Askofu wa Kaisaria ya Kapadokia tangu 370, alikuwa nao wengi chini yake. Rafiki yake Gregori wa Nazianzo anataja hamsini. Lakini njia hii ilileta taabu. Sinodi ya Ankira, mwaka wa 314, ilipashwa kuwakataza wasiweke mapadri na mashemasi bila ruhusa ya Askofu wa mji. Bazili mwenyewe aliwaandikia barua kali: wengine walipokea feza kwa kutoa madaraja, na wengine waliandika kazini ndugu na rafiki zao bila kuwapima, ili watu hao wakwepe kuitwa jeshini. Mahali pa mbali pana hatari hiyo: asiyeonwa na mtu anaweza kujifanya mfalme.

Njia ya pili ilikuwa kumtuma padri azunguke. Kanuni ya 57 ya Sinodi ya Laodisea, katika karne ya 4, inaagiza kwamba vijijini na mashambani wasiwekwe tena Maaskofu, ila periodeutai. Neno hilo la Kigiriki maana yake ni watu wa kuzunguka, watembeleaji. Basi padri mwenye sanduku la misa juu ya pikipiki asifikiri kwamba kazi yake ilizaliwa na wamisionari wa juzi. Ina miaka zaidi ya 1600, na ina jina lake katika kanuni za Eklezya.

Njia ya tatu haikuandikwa kwanza katika kanuni. Ilianza kwa watu waliokaa huko. Kule Misri, Antoni alikwenda jangwani katika karne ya 3, na baada yake wakaja maelfu. Tusidhani kwamba watu hao waliishi bila Eklezya. Katika makao ya Nitria, Kelia na Sketi, watawa walikaa mbalimbali siku tano, kila mtu katika chumba chake. Siku ya posho na siku ya Mungu walikusanyika kanisani. Na wale waliokuwa mbali kabisa na padri? Bazili anatueleza katika barua yake kwa mama mmoja, jina lake Kaisaria. Anasema kwamba watawa wote wa jangwani, mahali pasipo padri, wanaweka Komunyo kwao na kujikomunisha kwa mikono yao wenyewe, na hakuna kosa. Anaandika neno hilo kama desturi inayojulikana, isiyohitaji utetezi mrefu.

Kutoka njia hizi tatu tunapata fundisho moja. Askofu wa mashamba alitoweka mahali pengi, kwani cheo kiliwazidi watu. Padri wa kuzunguka alibaki, lakini yeye anakuja na kuondoka. Kinachoishika imani mahali pa mbali siku zote ni Mkristu akaaye huko, akiungwa kwa kweli na Askofu wake na kwa Ekaristi. Padri akizunguka bila kumkuta mkaaji wa namna hiyo, ni kama mvua juu ya mwamba. Mkaaji naye asipotembelewa, anachoka, ao anaanza dini yake mwenyewe.

Hata padri mwenyewe anaweza kuwa mkaaji wa namna hiyo. Mtakatifu Karoli wa Foucauld alifika Tamanrasset, katika milima ya Hoggar ya Sahara, mwaka wa 1905. Sheria ya wakati ule haikumruhusu padri kusoma misa bila mtu wa kumtumikia, na Wakristu hawakuwako. Toka mwezi wa saba wa 1907 alikaa karibu miezi saba bila misa, ila mara chache alipopita Mkristu msafiri, mpaka ruhusa ya pekee ilipomfikia mwisho wa mwezi wa kwanza wa 1908. Angaliweza kwenda mahali penye Wakristu. Alichagua kubaki na Watuareg. Aliuawa tarehe 1 ya mwezi wa kumi na mbili 1916, bila kuona matunda. Papa Fransisko alimwandika kati ya Watakatifu mwaka wa 2022.

IV. PANDE ZETU WENYEWE

Tusiende mbali mno. Tutazame Marungu, nchi ya milima iliyo kusini-magharibi ya ziwa Tanganyika. Kando ya ziwa kuna Moba, ambayo zamani iliitwa Baudouinville, na juu yake Kirungu yenye kanisa kuu. Ukipanda kutoka ziwani unafika kwenye nyanda za majani zenye baridi, mahali pengine zaidi ya mita 2000. Vijiji ni vidogo, na kati ya kijiji na kijiji ni mwendo wa saa nyingi. Kwa mtu wa Lubumbashi ao Kinshasa, hapo ni mwisho wa dunia.

Mapadri Weupe walipokea kituo cha Mpala, kando ya ziwa, mwaka wa 1885. Katika nchi hiyo ya milima alizaliwa mtoto, karibu mwaka wa 1886, ambaye wazazi wake hawakuwa Wakristu. Alisoma kwa wamisionari, akaendelea na masomo ya upadri kwa miaka mingi, na tarehe 21 ya mwezi wa saba 1917, huko Baudouinville, Askofu Victor Roelens alimpa daraja la upadri. Ni Padri Stefano Kaoze, padri wa kwanza Mkongomani wa nyakati zetu. Hakutoka Boma wala Leopoldville, ambako meli na ofisi zilikuwako. Alitoka pale ambapo ramani ina majina machache.

Ng'ambo ya ziwa, katika nchi ya Tanzania ya leo, kuna Karema. Huko alifika mwaka wa 1889 Adriano Atiman, mtu wa pande za Timbuktu aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe na kusomea uganga katika kisiwa cha Malta. Alikaa Karema kama mwalimu wa dini na mganga mpaka alipokufa mwaka wa 1956. Hesabuni wenyewe: miaka 67 mahali pamoja. Mapadri walikuja wakahamishwa; yeye alibaki.

Na katika msitu wa Ekwateri tunaye Mwenye Heri Isidori Bakanja. Alibatizwa mwaka wa 1906. Alipofanya kazi katika shamba la kampuni huko Ikili, hapakuwa na padri karibu. Yeye alisali rozari, akavaa skapulari yake, akawafundisha wenzake sala. Kwa sababu hiyo msimamizi Mzungu aliamuru apigwe mpaka mwili ukaoza. Alikufa mwaka wa 1909, akiwa amemsamehe yule mtu. Kisha ulizeni nani aliyekuwa Eklezya pale Ikili: ni kijana mfanyakazi mwenye miaka mitatu ya ubatizo.

V. SHERIA YA LEO INARUHUSU NINI

Nitaanza na jambo la aibu yangu. Mwaka mmoja nilifika kapela moja ya mlimani yenye jamaa saba. Nilikuwa nimeahirisha safari ile mara mbili kwa sababu ya mikutano. Mwalimu alinipokea, akanipa maji ya kunawa, kisha akasema: "Padri, Mama mzee alikungojea. Tumemzika majuma matatu sasa." Hakuongeza neno la kunilaumu. Alinionyesha daftari lake: siku ya kifo, sala zilizosaliwa, majina ya waliokesha. Niliuliza kama mama alisema kitu. Mwalimu alijibu: "Kila jioni aliuliza kama kuna mlio wa pikipiki bondeni."

Mwalimu yule alitimiza kazi yake yote. Aliyekosa ni mimi. Tena nilikosa mara mbili: sikufika, na sikumwachia vyombo ambavyo Eklezya inaruhusu aachiwe. Tuvitaje basi, kwa kufuata Kitabu cha Sheria cha mwaka wa 1983.

Ubatizo. Mbatizaji wa kawaida akikosekana ao akizuizwa, katekista aliyewekwa na Askofu kwa kazi hiyo anabatiza halali. Na katika lazima, mtu yeyote mwenye nia njema (kanuni 861). Kila mwalimu ajue maneno sawasawa, na aandike ubatizo siku ile ile.

Siku ya Mungu. Misa ikikosekana, waamini wanashauriwa sana kushiriki ibada ya Neno kanisani, ao kusali kwa kitambo cha kufaa, kila mtu ao jamaa pamoja (kanuni 1248). Roma ilitoa maagizo juu ya ibada hizi mwaka wa 1988. Watu waelezwe kwamba ibada hii si misa, lakini si kitu bure.

Komunyo. Mlei anaweza kuwekwa kuwa mgawaji wa Komunyo (kanuni 910). Lakini mahali Sakramenti inapowekwa lazima awepo mtu wa kuilinda, na misa isomwe humo, kadiri iwezekanavyo, walau mara mbili kwa mwezi (kanuni 934). Kwa kapela za mbali jambo hili si rahisi. Njia ya katikati ni mgawaji aliyewekwa vizuri kuchukua Ekaristi kwenye kituo kikubwa na kuipeleka kwa wagonjwa, kwa heshima na bila kukawia. Kanuni 922 inatuagiza tusichelewe kuwapa wagonjwa Viatiko, yaani Komunyo ya safari ya mwisho. Kwa mama yule hiyo ndiyo iliyokosekana.

Ndoa. Kama shahidi wa Eklezya hawezi kupatikana bila taabu kubwa, na kwa busara inaonekana hali hiyo itadumu mwezi mzima, wachumba wanaotaka ndoa ya kweli wanaweza kuoana mbele ya mashahidi wawili tu, na ndoa ni halali (kanuni 1116). Jamaa ngapi za porini zinahesabiwa "hawajafunga ndoa", na kuzuizwa Komunyo, kumbe ni sisi tuliokosa kufika? Lakini mwalimu asitumie kanuni hii kwa akili yake peke yake. Padri aulize Askofu kwanza, kisha afundishe.

Saa ya kufa. Padri asipokuwako hakuna Kitubio wala Mpako, lakini mlango haujafungwa. Majuto kamili, yatokayo kwa mapendo ya Mungu, pamoja na nia thabiti ya kuungama mara itakapowezekana, yanaondoa hata dhambi ya mauti. Hivyo Konsilio ya Trento ilifundisha mwaka wa 1551. Tena Eklezya inampa rehema kamili mtu anayekufa bila padri, akiwa na moyo ulio tayari, na kama katika maisha yake alizoea kusali sala fulani. Inasifu pia desturi ya kutumia msalaba saa hiyo. Mwalimu ajue kusali na mgonjwa tendo la majuto polepole, ampe msalaba mkononi, asome sala za kumkabidhi kwa Mungu. Haya yote mlei anaruhusiwa kuyafanya. Yafundishwe wakati watu ni wazima, si siku ya homa.

Mwisho, juu ya mwalimu mwenyewe. Konsilio ya Vatikano ya Pili, katika waraka wake juu ya misioni wa mwaka wa 1965, iliwasifu sana makatekista, ikataka wapewe mafundisho ya kutosha na malipo ya haki. Mwaka wa 2021 Papa Fransisko aliweka rasmi huduma ya katekista, yenye ibada yake mbele ya Askofu. Basi mwalimu wa pori si boyi wa padri. Ana utume wake.

VI. MASHAURI MACHACHE

Kwa padri. Kwanza, tarehe ya kapela ya mbali iandikwe kabla ya ile ya karibu, kwani ya karibu itajipatia nafasi yenyewe. Pili, ukifika, lala huko. Misa ya mbio saa tano na kuondoka saa saba haimponyi mtu; maungamo, ugomvi wa jamaa na wagonjwa vinataka usiku. Tatu, kaa na mwalimu peke yake saa nzima, usome daftari lake, umsikilize kabla ya kumfundisha. Nne, ukizuizwa, tuma ujumbe. Mtu anayengoja bila habari anateseka mara mbili.

Kwa fratri. Katika likizo omba kutumwa kule, si kama mtalii bali kama mgeni anayebeba mzigo wake. Utajua kama unapenda watu, ao unapenda makutano ya watu.

Kwa mwalimu. Usiseme "mimi si kitu, padri hayuko". Lakini usiseme pia "padri wa nini, mimi niko". Andika kila jambo, tunza funguo, na siku ya Mungu ipigwe kengele, hata wakija watu watatu.

Mtu atauliza: "Na mjini? Vijana maelfu wanapotea huko, nanyi mnapoteza siku nne kwa jamaa saba?" Swali ni la haki. Mapadri ni wachache, petroli ni ghali, na pande nyingine silaha zinafunga njia. Siwezi kujibu kwamba kila kapela itapata misa kila mwezi, haitawezekana. Ninachojibu ni hiki: uchache wa mapadri unaweza kupunguza safari, lakini hauna ruhusa ya kumfuta mtu katika hesabu. Mtu wa mjini akimkosa padri leo, anaweza kupata mwingine kesho katika kata ya pili. Mtu wa pori akimkosa huyu, hana mwingine.

Siku ya kupanga safari itarudi tena mwaka huu, na ramani itakunjuliwa mezani. Mtu akisema "kule hakuna watu", basi mmoja wetu asimame na kutaja majina yao.